Maua ya Kituo cha Tatu

"Usikate, bibi! Nakuomba usikate!"

Kisu kilikuwa kimeshapita. Shada la kwanza likaanguka kwenye udongo uliolowa, likalala pale na bluu yake yote, na Bibi Tekla akasogeza kigoda chake mbele ya ndoo ya pili bila hata kuinua macho.

Agnella alibaki amesimama kwenye mlango wa uzio, mkono kifuani, kama mtu aliyemkuta jirani yake anachinja ng'ombe wa maziwa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kidogo, mwepesi wa miguu na wa maneno, mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna hapo Michenga. Alikuwa amekuja kwa jambo jingine kabisa, na sasa lilikuwa limemtoka kichwani.

"Shikamoo kwanza," akakumbuka.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Geuza ile ndoo tupu ukalie."

"Nitakaaje, bibi? Maua yamechanua hivi, mazuri hivi, wewe unayafyeka kama majani ya mpakani!"

"Nayakata kwa kuwa yamechanua." Kisu kikapita tena. "Yakimaliza nguvu sasa hivi, mwezi wa sita yatachanua na nini? Ua hili linatoka kwenye kijiti kipya. Kijiti cha zamani ni kama Baba Vitus. Kinakaa tu, kinasubiri chai."

"Nimesikia," ikasema sauti ya mumewe, Mzee Ponsiano, kutoka ndani.

"Nilitaka usikie."

Agnella akacheka, halafu akakumbuka kwamba hakutaka kucheka. Aliiangalia miche iliyonyolewa, ikabaki vijiti vya urefu wa mkono, kisha akaangalia mashada yaliyolala chini. Petali zake zilikuwa tano tano, nyembamba, za bluu ile nyepesi ya sketi ya shule iliyofuliwa miaka mitatu.

"Mimi nilikuja kukwambia tu," alisema, "boksi limefika. Maua ya plastiki, waridi jekundu na jeupe. Liko nyumbani kwangu. Silifungui. Ahadi ni ahadi. Ila bibi, Jumamosi ya kuamkia Ekaristi nikija hapa nikakuta vijiti kama hivi, nalifungua."

"Utakuta maua."

"Mungu akusikie."

Huyo akaenda zake, na Tekla akaendelea kukata mpaka chombo cha kumi na moja. Vilikuwa ndoo za rangi ya nyumba, ndoo za mafuta ya kupikia, beseni lililopasuka ukingo, na sufuria kubwa ya shughuli ambayo kitako chake kilishaungua. Kila kimoja alikitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto, matundu manne chini, maji yasipate pa kukaa. Hayo alifundishwa na mafuriko. Zamani maua yake yalikuwa kichaka kimoja kikubwa kilichoota pembeni ya mlango. Masika mawili yaliyopita maji ya bondeni yakaja yakasimama uani wiki tatu, na yalipoondoka mizizi ilikuwa imeoza kama mihogo iliyosahauliwa mtoni. Aliokoa vijiti tu. Akavichomeka kwenye mchanga mbichi, vikashika. Tangu hapo mimea yake ilikaa kwenye vyombo, na Aprili ilipofika vyombo vilipandishwa kichanjani, mahali pa sahani.

"Siku hizi kwenye nyumba hii," Mzee Ponsiano alikuwa akiwaambia wageni, "sahani zinalala chini na ndoo zinalala juu. Mimi sijui nitahamishiwa wapi."

Masista wa Ifakara mjini, ambako Tekla alifagia na kumwagilia alipokuwa msichana, waliliita ua hilo plambago. Michenga waliliita maua ya Bibi Tekla, na hawakuona haja ya jina jingine.

Kila mwezi wa sita, Jumapili ya Ekaristi, Wakristo walitoka kanisani kwa maandamano wakazunguka kijiji, na njiani palikuwa na vituo vinne. Kila jumuiya ilijenga altare yake na kuipamba. Kituo cha tatu kilikuwa cha Mtakatifu Anna, na kwa miaka zaidi ya ishirini kilikuwa pale pale mlangoni kwa Tekla, kando ya kichaka chake. Hakuwa na kazi ya kukata chochote. Alitandika kitambaa, kichaka kikafanya mengine.

Mwaka jana barabara mpya ya kifusi ikabadilisha njia. Kituo kikahamia kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa, mwendo wa nusu saa kwa miguu yake. Kichaka hakikuwepo tena, ila ile miche michanga ilikuwa imechanua. Akakata mashada yote Jumamosi jioni, akayaweka kwenye beseni la maji, akayafunika kwa kanga mbichi kama mtoto mwenye homa. Asubuhi alipofunua, petali zote zilikuwa zimedondoka zinaelea majini. Vilibaki vikonyo. Mtakatifu Yosefu, kituo cha nne, walikuwa na waridi la plastiki lililosimama wima kama askari. Padre alipofika kituo cha tatu alisali, akaangalia vile vikonyo kwenye chupa, akaendelea na safari. Hakusema neno, na Tekla angependa angesema.

Baada ya hapo Agnella ndiye aliyelileta jambo kwenye jumuiya, kwa adabu. Alisema bibi amefanya kazi kubwa, sasa tumpumzishe.

Neno hilo ndilo lililomuuma. Shambani watoto wake walishamwambia pumzika, kwa sababu ya kiuno. Kwaya walishamwambia pumzika, kwa sababu ya sauti. Kupumzika kulikuwa kunamjia kutoka kila upande, polepole, kama maji ya Aprili yanavyoingia uani. Maua ndiyo yaliyobaki kuwa kichuguu chake kikavu. Ndiyo maana alisimama mbele ya jumuiya nzima, yeye ambaye kwa kawaida hazungumzi kwenye mikutano, akasema: "Nipeni mwaka mmoja. Nitaleta mabichi, na hayatadondoka. Nikishindwa, nitashona hayo ya plastiki kwa mkono wangu."

Wakampa.

*

Wiki mbili baada ya kukata, machipukizi yalitokeza kila mahali. Na ndipo alipokuja Masalu na mbolea.

Masalu alikuwa Msukuma mwenye makundi mawili ya ng'ombe na jozi ya maksai, aliyehamia ng'ambo ya mfereji miaka kumi iliyopita. Yeye na Tekla walianza kwa ugomvi, ng'ombe walipokula mpunga wa Tekla, wakaumaliza ugomvi kwa utani, na utani ukaendelea hata sababu yake iliposahaulika.

"Mayu, mama yangu, nasikia umefungua shamba la ndoo," alisema akishusha gunia begani. "Nikasema huyu mama atakufa njaa. Nimekuletea mbolea."

"Ya ng'ombe wale wezi?"

"Hao hao. Mpunga wako walioula ndio huu, nakurudishia."

Tekla alicheka mpaka akashika kiuno. Gunia lilikuwa zito na mbolea ilikuwa bado mbichi mbichi, ina joto ndani. Mtu amebeba mzigo kuvuka mfereji kwa ajili yako, humwambii weka pale nitaona. Alichukua kopo, akagawa kwenye vyombo vyote kumi na moja mbele ya macho yake, makopo mawili mawili, na Masalu alisimama akitazama kwa furaha ya mtu anayewalisha wageni nyumbani kwake.

Na mimea ikala. Lo, ilikula! Kufikia katikati ya Mei ndoo zilikuwa hazionekani. Majani yalikuwa ya kijani cha giza, mapana, laini, vijiti vimerefuka mpaka vinaegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani. Waliopita njiani walisimama kusifu. Tekla alivimba kichwa siku tisa hivi. Alikuwa amelima mpunga miaka hamsini, na jicho lake likiona kijani kile moyo wenyewe unatulia.

Siku ya kumi akaanza kutafuta vitumba. Alipekua kila ncha, chombo kwa chombo. Majani. Akavaa miwani ya Ponsiano, akarudia. Majani matupu.

"Labda bado," alisema Ponsiano.

"Labda."

Agnella naye akawa anapita, kila mara na sababu mpya. Leo anaomba ungo, kesho anarudisha ungo. "Majani yamependeza, bibi," anasema. Neno hilo *majani* analiweka chini taratibu kama mtu anayeweka yai.

Jumatatu moja mke wa Masalu akatuma ujumbe kwamba wanavuna, na Tekla akaenda kusaidia. Kiuno kilimkataza kukata mpunga, si kupepeta. Walimkalisha kwenye turubai pembeni, ungo mapajani. Mpunga wa kwanza ulikuwa mzito, unashuka kwenye ungo kwa sauti nzuri. Kisha wakamletea lundo jingine. Akarusha, na upepo ukachukua karibu lote.

"Haya mapepe mmeyatoa wapi?" aliuliza.

Masalu akaonyesha kwa mundu. "Pale palipokuwa zizi la zamani, mayu. Kila mwaka ni hivyo. Mpunga unaota mpaka kifuani, ukiuona utasema hapa nitajaza ghala. Halafu unalala chini, na masuke hayana kitu. Umeshiba sana. Ukishiba hivyo huna haja ya kuzaa."

Tekla aliuweka ungo chini.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Hapana, basi. Nimesikia." Alijishika magoti akaanza kunyanyuka. "Masalu, mwanangu, wewe na mbolea yako mtaniua. Nipe mtu wa kunivusha mfereji."

"Mbolea yangu imefanya nini?"

"Imefanya ulichosema!"

Alifika nyumbani jua la saa tisa, hakunywa hata maji. Alikaa kwenye kigoda na kijiko cha chuma, akaanza kuichimbua ile mbolea juu ya kila chombo, taratibu, asikate mizizi, mpaka ukaonekana udongo wa mwanzo. Mahali pake akatia mchanga wa mtoni. Kisha akavuta vyombo kimoja kimoja kutoka kwenye kivuli cha nyumba hadi katikati ya uwanja wa kuanikia, kwenye jua lenyewe, anavuta hatua tatu, anapumzika, anavuta tena. Ponsiano alitoka na goti lake bovu akashika upande wa pili wa sufuria ya shughuli. Wakaivuta wote wawili wakihema.

"Sasa ni nini tena hii?" aliuliza.

"Nawanyima."

"Nani?"

"Hawa. Hakuna mbolea, hakuna kivuli, na maji mpaka nione wananing'inia. Wamenenepa, wamesahau kazi."

Ponsiano akafikiri. "Nashukuru mimi sikuota kwenye ndoo," akasema.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupalilia. Kila adhuhuri majani yalilegea, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kata. Aliurudisha. Alikaa kivulini anawatazama, anawasemesha kwa sauti ya chini. "Bado. Bado kidogo. Jioni." Jioni aliwapa kata moja moja, wakainuka. Majani ya chini yakageuka manjano na kudondoka. Waliokuwa wakisimama kusifu sasa walipita wakiangalia upande mwingine, na mmoja akamuuliza Ponsiano kama bibi anaumwa.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili hakuna kitu. Agnella alipita bila ungo, akaona manjano yale, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa bila kukaribishwa.

"Bibi," alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha ndani yake, "mimi sitaki ushindwe. Usifikiri nataka."

"Najua."

"Ningependa nifungue lile boksi hata leo, tushone wote, tuseme yamekwisha. Usikae kwenye jua hili kwa ajili ya maneno ya mkutanoni."

Tekla alimwangalia. Alikuwa hajajua kwamba Agnella naye analala vibaya. "Umekuja na miwani?" alimuuliza.

"Ninayo."

"Njoo hapa kwenye beseni. Mimi naona kitu tangu asubuhi, ila sijiamini. Angalia ncha hii."

Agnella akainama, akavaa miwani, akainama zaidi. Kwenye ncha ya kijiti palikuwa na kishada kidogo cha vitu vyembamba vya kijani, vimebanana kama vidole vya mtoto mchanga, na kimoja kati yao, kwenye ncha yake kabisa, kilikuwa na nukta ya bluu.

Kisha Agnella akaenda kwenye ndoo ya pili, akainama. Kwenye ya tatu, akainama. Tekla akabaki kwenye kigoda akisikiliza anavyohesabu kwa kunong'ona.

*

Jumamosi ya mwisho, saa sita mchana kama walivyopatana, Agnella akaja na bodaboda, boksi limefungwa nyuma kwa mpira. Vyombo saba vilikuwa bluu tupu. Vinne vilikuwa bado na vitumba.

"Saba," alisema Agnella.

"Zote kumi na moja zinakwenda. Hizi nne zitakaa nyuma, kama wanaume kanisani."

"Na yakidondoka kama mwaka jana?"

"Mwaka jana niliyakata. Mwaka huu hakuna kisu kitakachogusa. Yanakwenda na mizizi yake, na udongo wake, na ndoo yake. Yatajuaje kwamba yameondoka nyumbani?"

Agnella alizunguka uwanja, akagusa shada moja kwa nyuma ya kidole. Kisha akamgeukia mwenye bodaboda. "Kaka, lirudishe hilo boksi ulikolitoa. Mwambie mume wangu aliweke juu ya kabati, asinisumbue nalo."

Jumapili alfajiri Masalu akaleta mkokoteni wa maksai. Hakuwa Mkatoliki, wala hakuwa na haraka ya kuwa chochote, lakini alikuwa ameoga na amevaa shati la harusi. Aliposikia ile habari ya mbolea alisononeka siku mbili, na sasa alikuwa na deni la kulipa kwa magurudumu. Alitandika nyasi chini, akapanga vyombo vimebanana, akavizungushia kamba ya katani. Tekla alikataa kupanda. Alitembea nyuma ya mkokoteni, mikono miwili juu ya ndoo za mwisho.

"Mayu, panda, tutafika Jumatatu!"

"Wewe waongoze hao wezi wako. Kuna shimo kwenye kalavati."

Waliliona shimo, wakalikwepa kwa gurudumu la kulia, wakatumbukia kwa la kushoto. Mkokoteni ukalala upande. Ile sufuria ya shughuli ikateleza, ikagonga ubao, na Tekla akaikumbatia kwa kifua chake kizima. Walisimama hivyo, yeye na sufuria, wakati Masalu anawasemesha maksai kwa Kisukuma. Gurudumu likatoka. Tekla akafungua macho. Petali sita au saba zilikuwa zimelala kwenye nyasi. Nyingine zote zilikuwa mahali pake, zinatetemeka kidogo.

"Zipo?" Masalu aliuliza bila kuthubutu kugeuka.

"Zipo. Endesha."

Wanawake wa jumuiya walikuwa wameshasimamisha altare kwenye uwanja wa mashine, meza na kitambaa cheupe na miti minne ya mianzi. Tekla alielekeza kwa kidole na wengine wakabeba. Zisizochanua nyuma. Saba mbele, tatu huku na nne huku, karibu karibu, pamebaki kichochoro tu cha Padre kupita. Agnella alizifunika ndoo vitenge miguuni, na hakuna aliyeweza kusema tena ipi ilikuwa ya mafuta na ipi ya rangi. Bluu ilikuwa inaanzia chini mpaka usawa wa meza. Mama mmoja wa jumuiya jingine alipita, akasimama, akauliza kama yameletwa na gari kutoka Iringa.

"Yametoka kichanjani kwa bibi," alisema Agnella, kwa sauti iliyofika mpaka upande wa pili wa barabara.

Kisha kengele zikasikika, na ubani, na watoto wa Utoto Mtakatifu wakitupa petali, na watu wote wakapiga magoti kwenye kifusi. Tekla alipiga magoti taratibu, mkono mmoja kwenye bega la Agnella. Padre aliingia kichochoroni katika kapa yake nyeupe, joho refu la ibada, akaweka Ekaristi mezani, akapiga magoti, akasali. Alipomaliza aliinua kichwa, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, na Tekla akamwona akitabasamu kama mtu aliyekutwa na upepo wa baridi mchana.

Akanyanyuka, akaichukua tena Ekaristi, akageuka, akapita tena kichochoroni.

"Bibi," Agnella alinong'ona ghafla, kucha zake zimemshika mkono. "Bibi, angalia nyuma ya Padre!"

Tekla akaangalia. Vikonyo vya plambago vinanata. Vina utomvu kama gundi. Kila anayefua nguo nyumbani kwa Tekla alilijua hilo, na yeye aliyefikiria matundu, na mbolea, na jua, na shimo la kalavati, hilo hakulifikiria hata dakika moja. Nyuma ya kapa nyeupe, kuanzia kiunoni hadi pindoni, yalikuwa yamejishikiza maua manne, matano, sita.

"Nikimbie nikayatoe?"

"Mbele ya Ekaristi? Kaa chini."

"Sasa tufanyeje?"

"Hatufanyi kitu."

Agnella akaanza kutetemeka mabega kwa kicheko kilichozuiwa, na Tekla akaona kwamba kwenye kilemba cha mwenyekiti nako kulikuwa na mawili, juu ya sikio. Hakumwambia. Kwaya ilipokea wimbo, watu wakanyanyuka, wakajipanga nyuma ya mwavuli, na maandamano yakashika barabara kuelekea kituo cha nne, kwenye waridi la Mtakatifu Yosefu. Masalu alivua kofia yalipompita. Tekla alibaki amesimama kati ya ndoo zake, akiyafuata yale maua kwa macho juu ya vichwa vya watu. Kwenye kona ya mashine upepo ukainua pindo la kapa. Ua moja likaachia, likaning'inia, kisha likashika tena.